Kete Zikishakusanywa

Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliokuja na maboksi yenu ya michezo, hamjambo? Karibuni Kisumu, hasa nyinyi mliodamka alfajiri kutoka Nakuru na Kakamega.

Ombi langu leo ni moja. Jioni kete zikishakusanywa, msikimbilie matatu; bakini tuzungumze.

Mwaka 1968 Gary Gygax alikodi ukumbi huko Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin, Marekani, akawaita wapenzi wa michezo ya vita ya mezani. Mkutano huo ndio Gen Con. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa pili, alikutana na Dave Arneson. Walichoanza kuzungumzia ni merikebu za matanga, maana wote wawili walikuwa wakizipenda. Wakatunga mchezo wa vita vya baharini, kisha mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons. Huo si mchezo wa kumfunga mwenzako. Mmoja husimulia, wengine husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu huamua. Nyote mliokuja na dadu za pande 20 mifukoni, mnacheza matunda ya mazungumzo ya watu wawili waliokuwa hawajuani.

Hata kwetu ni hivyo. Nendeni steji yoyote ya bodaboda mtazame drafti ya vizibo vya soda, vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule vinaangalia juu. Mchezo wenyewe ni dakika chache. Lakini namna fulani alivyoacha vizibo vitatu viliwe ili apate kingi, hiyo itasimuliwa wiki nzima, na anayesimulia anapanga vizibo upya ili muone.

Sasa niwaambie linaloniuma. Miaka mitatu iliyopita alikuja mzee kutoka Ahero na ubao wa ajua, mchezo wa Kijaluo unaofanana na bao, safu mbili za mashimo manane. Shimo moja la pembeni lilikuwa limelainika hadi linang'aa. Nikalipitishia kidole, nikamwuliza imekuwaje. Akasema, "Kaa nikuambie. Hapo ndipo marehemu kaka yangu alipokuwa akianzia, kila mara." Papo hapo mlinzi akagonga dirisha kwa funguo, muda wetu wa ukumbi umekwisha. Nikamwambia, "Jaduong', mzee wangu, tutaongea mwezi ujao." Mwezi uliofuata hakuja, wala ule mwingine. Namba yake ya simu sikuwa nimechukua.

Kwa hiyo mara hii tumelipia ukumbi hadi saa moja usiku, na fainali inaisha saa kumi na moja. Chai ipo, mandazi yapo. Dada aliye pale mlangoni ana daftari. Mwandikie jina lako, mchezo wako, na jina la aliyekufundisha. Na ukimwona mtu amebaki peke yake na ubao wake, vuta kiti ukae naye.