Kutengeneza Vitundu Ndani ya Polima Inayokumbuka Umbo
(Mhadhara kwa wanafunzi na mafundi wa maabara, Arusha)

Shikamooni wazee wetu. Vijana, habari za mchana? Muda ni mfupi, naingia moja kwa moja.

Kuna polima, yaani aina ya plastiki, ambayo ukiipasha moto hulainika. Ukiibana na kuipoza ikiwa imebanwa, hubaki hivyohivyo. Ipashe tena, inarudi umbo lake la awali. Hakuna uchawi: minyororo ya molekuli imeshikanishwa kwa mafundo yasiyofunguka. Baridi huigandisha ikiwa imejikunja, joto huiachia. Kipande kisicho na vitundu hakibaniki sana. Chenye vitundu husinyaa kikapita mahali pembamba, kisha kikatanuka. Ndiyo maana madaktari wanakihitaji.

Vitundu hutengenezwa kwa njia kadhaa. Njia ya gesi mnaijua, kwa kuwa mnailalia. Godoro ni poliyurethani: kemikali iitwayo isosayaneti hukutana na maji, kaboni dioksaidi hutoka, mchanganyiko unaumuka. Poliyurethani yenye kumbukumbu nayo huumuliwa hivyo. Ni haraka, lakini povu lina jeuri. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo vipimo vya Dar es Salaam vikitumika hapa povu litaumuka kupita kiasi. Tena isosayaneti ni sumu kwa mapafu. Kama maabara haina kabati la kufyonza hewa, achaneni nayo.

Mimi ni mtu wa njia ya chumvi: chembe zake hushika nafasi ndani ya polima, kisha maji huziyeyusha na kuacha vitundu. Ichekecheni kwa chekeche mbili: iliyopita ya juu ikakwama ya chini ndiyo yenu, na ukubwa wa chembe ndio utakaokuwa ukubwa wa kitundu. Jazeni kichupa, dondosheni maji kidogo sana, kausheni. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo yenye kazi: maji huyeyusha uso wa chembe, zikagandana zinapogusana, na hapo baadaye panakuwa mlango kati ya kitundu na kitundu. Kisha mimineni polima iliyoyeyushwa ndani ya kiyeyushi, fungeni mafundo ya minyororo yake kwa mwanga wa urujuanimno, acheni kiyeyushi kikauke, lowekeni kwenye maji mkiyabadilisha. Chumvi imeisha? Tieni tone la nitrati ya fedha kwenye maji ya mwisho. Yakifanya ukungu mweupe, bado.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, wametengeneza hivyo vipande vya polikaprolaktoni, mojawapo ya polima hizi, vya kuziba mapengo ya mifupa. Hulainika karibu na nyuzi 60. Lengo ni daktari asukume kipande kilicholainika ndani ya pengo, kitanuke mpaka kwenye kingo, kikipoa kikaze. Maji yetu hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo sufuria inatosha kwa majaribio.

Njia nyingine, ya kukausha kwa kugandisha, inahitaji mashine ya ombwe, tuiache.

Nimeulizwa kuhusu sukari badala ya chumvi. Inafaa, ila huvuta unyevu ikashikana kabla hujataka. Na msianze na kipande kinene: chumvi ya katikati hukwama, mtabadilisha maji mpaka mchoke.