Karakana Yenye Msiba Haisaini

Bwana Yesu asifiwe. Asante, mwenyekiti. Ratiba inasema nitazungumza juu ya utunzaji wa ndege ndogo za misheni katika viwanja vya porini. Lakini nyinyi wenyewe mnajua vumbi linavyoziba chujio la hewa na changarawe zinavyotafuna ncha za propela, na hakuna fundi humu wa kufundishwa hayo na mimi. Nimekuja na neno lile lile nililolisema mbele yenu mara mbili, na nitalirudia mpaka kila mkuu wa karakana aliyeketi hapa aliweke kwenye maandishi. Karakana yenye msiba haisaini: fundi aliyefiwa asitie saini kwamba ndege iko salama kuruka.

Kwetu, nyumba ikifiwa, jiko haliwashwi. Majirani ndio wanaopika. Wanaleta sufuria za wali, wanachota maji, wanafagia uwanja, wanakaa na wafiwa mpaka matanga yaanuliwe. Hakuna anayemwambia mjane, "Inuka ukande unga, kazi za nyumba hazisimami." Sasa niambieni kwa nini fundi aliyemzika mwenzake Jumamosi anaonekana Jumatatu asubuhi amelala chali chini ya bawa, tochi mdomoni, na tunasimama ibadani kumsifu kwa imani yake!

Wengine mnaijua karakana ninayoizungumzia. Sitaitaja. Tulikuwa na ndege tatu, Cessna 206 mbili na Caravan moja. Caravan ilikwama kiwanja cha mbali, gurudumu limepasuka, basi alfajiri 206 moja ikaondoka na rubani pamoja na fundi mwenzangu, wakipeleka gurudumu jipya. Mawingu yalishuka juu ya vilima. Hawakufika.

Jioni ile ile, kabla miili haijashushwa kutoka mlimani, maofisa wa uchunguzi walikuwa wameshafika kwetu kuchukua madaftari. Ndivyo inavyopaswa kuwa: daftari la ndege na daftari la injini yafungiwe kabla mkono wowote haujayagusa. Wakachukua na mafuta kidogo kutoka tangi ambalo ndege ilijaziwa. Ukurasa wa mwisho wa daftari lile ulikuwa na saini yangu. Ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka. Silinda sita, plagi 12, magneto mbili, kebo zote za usukani. Niliutia saini mimi, wiki moja na nusu kabla.

Rubani akifiwa na rubani mwenzake, analia. Fundi akifiwa na rubani, analia huku anahesabu. Usiku kucha anaipita injini ile kipande kwa kipande. Ile nati niliikaza kwa spana ya kipimo, au kwa mazoea ya mkono? Lile bomba la mafuta nililiangalia kwa kioo upande wa nyuma, au nililipangusa tu? Chujio la oili nililipasua nikatafuta vipande vya chuma, hilo nalikumbuka, au nakumbuka la mwezi uliotangulia? Msiba wa namna hii haupatikani kwa mwalimu wala kwa mhasibu. Mtu amekupenda, ameketi meza moja nawe miaka tisa, na hujui kama ni mkono wako uliomuua.

Na hutajua kesho. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema wazi kwamba uchunguzi wa ajali unafanywa ili kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Ni maneno mema sana, nayaheshimu. Lakini kiambatisho hicho hicho kinatoa siku 30 kwa taarifa ya awali, na miezi 12, ikiwezekana, kwa taarifa ya mwisho. Sisi tulikaa karibu mwaka mzima ndipo tukasoma kwamba injini ilikuwa inavuta vizuri mpaka dakika ile. Karibu mwaka mzima, ndugu zangu, nikisaini ndege nyingine kila wiki kwa mkono niliokuwa naushuku!

Sasa nifike pale ninapotaka kukaa.

Tulizika, tukaimba, na siku ya tano tukarudi kazini. Hakuna aliyetulazimisha. Zahanati za bondeni zilikuwa zinasubiri chanjo, na ile 206 ya pili ilikuwa imefikia saa zake za ukaguzi. Nikaianza mwenyewe. Nilifungua vifuniko vya bawa la kushoto, nikapima mkazo wa kebo zinazoilaza ndege upande, nikaona umelegea. Mnakijua kile kikazio cha katikati ya kebo, chenye hesi pande mbili. Unakizungusha mpaka mkazo ufike, unahakikisha hesi zaidi ya tatu hazionekani nje, kisha unapitisha waya wa kufungia, unamalizia kwa mizunguko minne kwenye shina ili mtikisiko usije ukakifungua chenyewe angani. Nikamaliza, nikatia saini kwenye karatasi ya kazi, nikahamia bawa la kulia.

Kebo za usukani hazikaguliwi na mtu mmoja. Lazima wa pili aje, asiyeifanya kazi ile, aangalie kwa macho yake naye atie saini yake. Kwetu wa pili alikuwa yule tuliyemzika. Siku hiyo alikuwa amekuja fundi wa karakana jirani kutupa pole. Alikuja na mkewe, wameshika kilo mbili za sukari na majani ya chai. Ana leseni ya ndege zile zile, na mkuu wetu akampigia simu mkuu wake, wakaafikiana, akavua shati lake la msibani akavaa ovaroli ya marehemu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Akapanda ngazi.

Akakaa juu pale kimya. Kisha akasema, "Kaka, hebu njoo."

Nikamjibu, "Hiyo nimeshaifunga."

"Njoo tu, kaka."

Nikapanda. Kikazio kilikuwa kimekazwa vizuri, hesi ziko sawasawa, na waya haukuwepo. Nikamwambia kwa ukali kwamba nimeufunga, labda yeye ameutoa. Nilikuwa naukumbuka! Nilikumbuka koleo mkononi, mizunguko minne, hata ncha ya waya ilivyonichoma kidole gumba. Nikamwonyesha kidole. Hakikuwa na alama.

Nilikuwa nimeufunga kweli waya ule, katika ndege nyingine. Niliufunga katika ile iliyoanguka, kwenye ule ukaguzi niliokuwa nauzunguka kichwani kila usiku. Nilikuwa nimeurudia mara nyingi mno hata ukahama, ukaja kukaa kwenye ndege iliyokuwa mbele yangu.

Hakunicheka wala hakunikemea. Alishuka akaleta waya, akanishikia tochi nikafunga, akakagua, tukatia saini wote wawili. Kisha akaenda kwa mkuu wetu akamwambia maneno haya ninayoyabeba mpaka leo: huyu asiguse kitu hadi arobaini ipite, nitakuja mimi. Na alikuja. Kila siku, kwa pikipiki, kilomita arobaini na kitu kwenda na kurudi. Alitupikia.

Najua mtakaloniambia. Kuna mzee humu ananiambia kila mwaka: mbona mashahidi wetu hawakusimama? Mbona Ekwado, tarehe 8 Januari 1956, mmisionari Nate Saint na wenzake wanne waliuawa kwa mikuki kando ya mto Curaray, na kesho yake rubani mwenzao aliruka akaenda kuitazama ile ndege pale mchangani? Aliruka, ndiyo. Aliruka kuwatafuta ndugu ambao hakuna aliyejua kama wako hai. Kutafuta ni sehemu ya msiba, kama tunavyokesha mtoni mtu akizama. Usiichukue safari ile ukaifanya sheria ya kupeleka saruji na barua Jumatatu. Na huyo Saint msimkumbuke kwa kifo chake tu. Alikuwa fundi kabla hajawa rubani wa misheni, na aliibuni mwenyewe njia ya akiba ya kuipa injini mafuta endapo njia kuu ingeziba. Mtu aliyetaka kila kitu kiwe na cha pili chake hawezi kuwa shahidi wa wale wanaosaini peke yao.

Wengine watasema kazi ya Bwana haisimami. Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 34. Musa amekufa, nchi ya ahadi inaonekana ng'ambo ya mto, Yoshua ameshawekewa mikono, jeshi zima liko tayari. Wakakaa katika nchi tambarare za Moabu wakalia siku thelathini. Siku thelathini! Ni baada ya siku za maombolezo kwisha ndipo watu wakaambiwa wavuke. Kama Israeli yote iliweza kusimama, ratiba yetu ya Alhamisi ni kitu gani?

Na pingamizi zito kuliko yote, ambalo silidharau: mama mwenye uzazi pingamizi huko bondeni hana siku thelathini. Kweli kabisa. Ndiyo maana sijasema ndege zisiruke. Nasema wafiwa wasisaini. Mkaguzi atoke karakana jirani, rubani atoke misheni jirani. Lakini fundi jirani hawezi kuja tu na spana zake kama mpishi anavyokuja na mwiko. Anahitaji leseni ya aina hiyo ya ndege, idhini ya karakana yako, na jina lake katika kitabu cha taratibu mlichokabidhi kwa mamlaka. Hayo hayaandikwi siku ya msiba. Yaandikwe sasa, wote wakiwa hai, na mkubaliane nani atakwenda kwa nani. Naona baadhi yenu mnatazama chini. Kutaja kifo kabla hakijaja si uchuro. Mkoba wa huduma ya kwanza mmeufunga ukutani, mbona hamkuuita uchuro?

Mtu asidhani haya ni ya karakana za makanisa maskini. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways ikitoka Birmingham kwenda Malaga ilipoteza kioo cha mbele, na hewa ikamvuta nahodha nusu ya mwili nje. Wenzake walimshikilia miguu mpaka ndege ikatua Southampton, akapona. Kioo kilikuwa kimefungwa kwenye zamu ya usiku, siku moja kabla, na fundi mzoefu mwenye sifa njema. Kati ya bolti 90, bolti 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa, na zilizobaki zilikuwa fupi. Alizilinganisha na ya zamani kwa macho. Taratibu za wakati ule hazikudai mtu wa pili akague kioo. Ilikuwa kazi ya usiku tu, si ya msiba, na tazama kilichotokea.

Muda unanikimbia, nitapita haraka. Mwaka 1993 Gordon Dupont wa Kanada aliorodhesha mambo 12 yanayomkosesha fundi: uchovu, haraka, kukengeushwa na mengineyo. Wengi mnayo ile karatasi ukutani. Msongo upo, huzuni haina mstari wake. Ongezeni wa 13 kwa kalamu. Marubani nao hufundishwa kujikagua kabla ya kuruka: ugonjwa, dawa, msongo, pombe, uchovu, hisia. Fundi akaguliwe vile vile kabla hajagusa ndege, na anayemuuliza awe mtu anayemjua kwa jina la utoto.

Ushuhuda wetu pia una kasoro, nitaisema kwa sentensi chache. Mwaka 1948 Jack Hemmings na Stuart King, huyo wa pili akiwa mhandisi, walizunguka Afrika kwa ndege ndogo aina ya Miles Gemini wakipima kama kazi hii inawezekana. Ikaanguka mlimani Burundi, wakatoka wote wazima. Hadithi kama hiyo tunaisimulia kwa furaha, na ni haki. Wasiotoka wazima tunasema "Bwana ametwaa" kabla hata taarifa haijasomwa, na fundi aliyeketi kiti cha nyuma anasikia kwamba hata swali lake ni ukosefu wa imani. Yohana 11:35 ni mstari mfupi kabisa. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro, na bado alilia kwanza.

La mafuta sitaligusa, wala la familia za marubani, ingawa nimeliandika hapa kurasa mbili. Niseme la vifaa, kwa kuwa kijana mmoja aliniuliza mlangoni. Ubao wetu una mchoro wa kila spana, na sheria ni kwamba mchoro mmoja ukiwa mtupu jioni, hakuna ndege inayotoka. Marehemu alikuwa ameondoka na spana saba na bisibisi moja. Michoro minane mitupu. Wapo waliotaka ijazwe upesi, wengine walitaka ubao upakwe rangi upya. Yule jirani alikata vipande vya bati jekundu, akaandika jina la marehemu na tarehe, akavitundika kimoja kimoja. Basi jioni tulipohesabu, anayehesabu alilitaja jina mara nane, tukasaini kwamba vifaa vyote vinajulikana viliko. Vilikaa pale mpaka taarifa ya mwisho iliposomwa. Siku ile mke wa marehemu alikuja, tukamkabidhi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wakuu wa karakana, msiende kwenye chakula bado. Nimeleta karatasi za makubaliano, ziko kwenye meza ile karibu na mlango, na ninataka kuona karakana mbili mbili zimeandikiana majina kabla sijaondoka. Yule ndugu wa pikipiki yuko hapa, ameketi nyuma. Atakuwa wa kwanza kusaini.