Kutoka Amadinda Hadi Bali

Wazee wangu, na ninyi vijana mliojaa huku nyuma, asanteni kwa kuja.

Hapa Kampala kupenda muziki wa nje hatukufundishwa na mtu. Nyimbo za Kilingala zimechezwa mjini humu tangu enzi za Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, na wengi walizicheza bila kujua maana ya maneno yake. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikianza, viti vinabaki vitupu. Basi tusisingizie lugha. Tatizo ni kwamba tunangoja kuletewa: Kinshasa, Lagos, Johannesburg, Marekani, tumemaliza. Ukimwekea mtu gamelan, muziki wa kundi la ala za kugongwa za Bali, kule Indonesia, dakika haiishi ameshasema ni kelele za masufuria.

Nami naamini kwamba aliyekulia karibu na amadinda, marimba yetu ya Buganda, ana sikio la kuuelewa muziki huo kuliko watu wengi duniani.

Hebu tuitazame amadinda yenyewe. Vibao 12 vimelazwa juu ya vigogo viwili vya migomba. Wapigaji wawili wamekaa wakitazamana. Wa kwanza, omunazi, anaanza, mwendo wake haubadiliki. Wa pili, omwawuzi, anachomeka mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake, moja baada ya moja, wala hawagongi pamoja hata mara moja. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, amebaki pembeni na vibao viwili vya juu kabisa. Kila sauti za vibao hivyo viwili zinapotokea kwa wenzake, kwenye vibao vya chini, yeye anazirudia huko juu. Inatoka kasi ambayo mikono ya mtu mmoja haiiwezi. Tena unasikia vijituni ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyevipiga! Ni sikio lako linaloviunga. Gerhard Kubik wa Austria alijifunza kupiga kwa Evaristo Muyinda, fundi mkubwa wa muziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na mwaka 1960 akachapisha maelezo ya jinsi muziki huu unavyojengwa.

Sasa twendeni Bali. Wapigaji wawili wa gangsa, ala ya vibao vya shaba, wanagawana tuni moja: huyu anashika polos, yule sangsih, kila mmoja anajaza nafasi za mwenzake. Wao wanaita kotekan. Mara nyingine wanakutana kwenye pigo moja, jambo ambalo omunazi na omwawuzi hawalifanyi. Halafu ala zao huundwa mbilimbili, moja ikiwa juu kidogo kuliko pacha wake, ndiyo maana sauti inatetemeka hewani. Mtetemo ule ni wa makusudi, fundi ameutafuta kwa jasho.

Asiondoke mtu hapa akisema Waindonesia ndio waliotufundisha. Mtafiti wa muziki A. M. Jones aliandika kitabu mwaka 1964 kudai marimba za Afrika zina asili ya Indonesia, na wataalamu wengi hawakumkubalia.

Kwa hiyo ukiufungua muziki wa mbali, usianze kuuliza wanaimba nini. Shika mpigaji mmoja, mfuate yeye tu mpaka mwisho. Rudia, mfuate mwenzake. Na tafadhali sikilizeni rekodi nzima. Vipande vya sekunde chache vya kwenye simu vinakata kabla sikio halijatulia.

Vijana wa amadinda wako tayari hapa mbele. Omunazi ataanza peke yake, polepole, kisha mwenzake aingie. Wakimaliza nitaweka rekodi ya Bali, nanyi mtaniambia polos iko upande gani.