Kanga Mbili Zilizoshonwa Vibaya

JOELI: Bi Zuhura, shikamoo.

BI ZUHURA: Marahaba, mwanangu. Naona leo umekuja na bahasha.

JOELI: Ya mpwa wangu wa Mbagala, ana miaka 7. Alianza na homa, akawa anachoka, viganja vikawa vyeupe. Zahanati moja ikamtibu malaria mara mbili. Alipoanza kuvilia damu miguuni, na hakugongwa popote, ndipo tukampeleka Muhimbili. Wakamchoma sindano nyongani kuchukua uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Majibu yametoka: saratani ya damu, ALL, ile inayokwenda kasi, na chini yake BCR-ABL1, Philadelphia. Dada yangu akaniuliza, Joeli, ni Filadelfia ile ya kwenye Ufunuo?

BI ZUHURA: Maskini, usingizi ataupata wapi na neno kama hilo. Mwambie ni mji wa Marekani. Mwaka 1960, pale Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwa darubini kromosomu, yaani uzi wa ndani ya seli unaobeba vinasaba, moja fupi isivyo kawaida, kwa wagonjwa wa saratani nyingine ya damu, ile sugu inayokwenda polepole. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kuwa kile kipande hakikupotea. Kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande.

JOELI: Nieleze kama unamweleza dada, jikoni kwake.

BI ZUHURA: Basi achukue kanga mbili, kila moja na maneno yake. Azikate katikati ya maneno, kisha ashone kipande cha hii kwenye ile. Sasa mwanzo wa msemo mmoja umeungana na mwisho wa mwingine, na imetoka kauli ambayo hakuna aliyeitunga. Ndiyo BCR-ABL1. Ni vinasaba viwili: BCR imetoka kromosomu ya 22, ABL1 ya 9. ABL1 ikiwa mahali pake hutengeneza kimeng'enya kinachosaidia kuiambia seli igawanyike, kisha kinazimwa. Ikiungana na BCR, hakizimiki tena. Seli changa zinazaliana bila kukomaa, zinajaa kwenye uloto. Seli nyekundu zinakosa nafasi, ndiyo maana viganja vikawa vyeupe. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinapungua, ndiyo ile damu kuvilia.

JOELI: Kuna jambo linaniuma zaidi. Ukweni wanasema ugonjwa umetoka kwetu.

BI ZUHURA: Hapo naomba kila anayetusikiliza atulie. Kosa hili halikurithiwa. Lilitokea ndani ya seli ya mtoto mwenyewe, ikazaa nyingine kama yenyewe. Mama yake hanalo, baba yake hanalo, na wadogo zake hawawezi kuambukizwa. Si chakula cha wakati wa mimba, si jicho la mtu. Nimefanya kazi maabara mpaka nikastaafu, nimeona akina mama wakirudishwa kwao kwa sababu ya karatasi kama hii, na karatasi haikusema hivyo hata kwa herufi moja! Kama inabidi, nenda ukweni ukawasomee.

JOELI: Nitakwenda Jumapili hii. Daktari alisema aina hii ni adimu.

BI ZUHURA: Kwa watoto ndiyo. Kati ya 100 wenye ALL, ni 3 hadi 5 hivi. Kwa watu wazima ni karibu robo. Na sikufichi, zamani ukiona jina hilo moyo unashuka, kwa sababu kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, peke yake ilikuwa haitoshi. Kikaja kidonge cha imatinibu, kinachokaa palepale kwenye kimeng'enya na kukiziba. Marekani walikiidhinisha 2001 kwa ile saratani sugu. Mwaka 2009 ukachapishwa utafiti wa watoto wenye ALL ya Philadelphia. Waliomeza imatinibu mfululizo pamoja na kemo kali walikuwa 44 tu, lakini takriban 80% walifika miaka 3 bila ugonjwa kurudi. Kabla ya hapo ilikuwa 35%.

JOELI: Kwa hiyo kemo aache?

BI ZUHURA: Hapana! Vinakwenda pamoja. Kidonge kila siku, kemo kwa ratiba yake, hata mtoto akianza kukimbia uwanjani. Na mzazi yeyote mwenye mtoto wa ALL amuulize daktari: kipimo cha vinasaba kimefanyika, na kimesemaje? Darubini itaonyesha saratani ipo, lakini jinsi kanga zilivyoshonwa utajua kwa vipimo vya vinasaba kama PCR au FISH. Bila hivyo, mtoto anaweza kukosa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kosa lake hasa.

JOELI: Huyu wetu vidonge vilikuwa vinamshinda. Nesi akamwonyesha kukiyeyusha kwenye glasi ya maji. Sasa hataki mtu amsaidie, anakoroga mwenyewe, kijiko kinagonga glasi, baada ya chai na mkate.

BI ZUHURA: Vizuri, imatinibu inataka chakula tumboni. Kipimajoto mnacho?

JOELI: Tumenunua Kariakoo.

BI ZUHURA: Kikisoma 38, hata saa 8 usiku, msingoje kukuche na msimpe panadoli mkalala. Kemo imemshushia kinga, homa kwake ni dharura. Usafiri wa usiku mna?

JOELI: Jirani ana bajaji. Dada ameiandika namba yake ukutani kwa mkaa, juu ya kitanda cha mtoto.