Ilimba Ndani ya Kompyuta

Wadogo zangu, habari za jioni. Wengine mmetoka Mbagala na Gongo la Mboto, na foleni ya leo mnaijua wenyewe, kwa hiyo niingie moja kwa moja.

Prodyuza akiniletea biti, huwa nauliza kwanza: humu kipi kimerekodiwa, na kipi kimeamriwa? Ukibonyeza kinanda kilichochomekwa kwenye kompyuta, kinachopita kwenye waya ni amri ya MIDI, utaratibu ulioanza mwaka 1983. Inasema noti gani, na imepigwa kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 1 hadi 127. Sauti yenyewe inatolewa na ala iliyomo kwenye programu. Ndiyo maana noti zilezile unaweza kumpa mpiga filimbi leo, kesho ukampa gitaa.

Sampo ni sauti iliyokwisha kurekodiwa. Ukiikimbiza mara mbili kwa njia ya zamani, inapanda oktavu nzima, yaani noti ileile ila ya juu zaidi. Watu wa singeli, Manzese na Tandale, hilo hamhitaji kufundishwa. Vipande vya taarabu mmevikimbiza sana. (Kicheko.)

Sasa, ala nyingi za kompyuta zimejengwa kwa sampo. Ngoma moja imerekodiwa ikipigwa taratibu, kwa wastani, kwa nguvu, na ile namba ya amri ndiyo inayochagua itoke ipi. Halafu nafungua biti yako nakuta mapigo yote 127! Mpiga ngoma gani ana mkono huo? Pigo la kwanza lipe 112, linalofuata 70, dogo la katikati 38. Sikiliza tena.

Hapo ni rahisi. Kazi ipo kwenye ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Wagogo wa Dodoma, ambao muziki wao marehemu Hukwe Zawose aliufikisha mbali, hawakupanga sauti za ilimba kwa kufuata kinanda. Kinanda kimegawa oktavu hatua 12 zilizo sawa. Ngazi ya noti za Kigogo inafuata sauti zinazozaliwa na uzi mmoja ukitetema, na ile ya saba katika mfululizo huo iko chini ya noti ya kinanda kwa takriban senti 31 (senti hapa ni kipimo cha sauti, 100 ni nusu toni), karibu theluthi ya nusu toni. Ukiweka kinanda juu ya ilimba, vinagombana. Wengi wenu hapo mnaita programu ya kunyoosha sauti, mnainyoosha ilimba. Mimi nasema mnamwonea mwenyeji. Noti ile ya kinanda ndiyo iteremshwe, kwa gurudumu la kupindisha sauti, noti moja moja. Inachosha, lakini fanyeni.

Efekti sitazichelewesha. Riverbu inaipa sauti chumba, dilei inairudia. Kiki, yaani ngoma kubwa ya chini, na besi ziacheni kavu, bila efekti. Na honi ya daladala ni sampo, hata kama folda imeandikwa efekti.

La haki: tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Ukikata wimbo wa mtu, omba ruhusa kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi, maana mara nyingi ni watu wawili tofauti. Ile habari ya “sekunde tano ni bure” ni ya vijiweni.

Haya, nawasha spika. Ilimba ileile mara mbili, moja imenyooshwa. Mniambie ni ipi, halafu tuingie maswali.