Nembo Iliyofunikwa: Mkia wa Vipindi vya Lorimar-Telepictures

Ndugu wasikilizaji, nembo ya mtayarishaji huja mwishoni mwa kipindi, majina ya waliokitengeneza yakishapita, wakati wengi wameshashika rimoti. Hukaa sekunde tatu, nne, basi.

Tuchukue Lorimar-Telepictures ya Marekani. Lorimar, watayarishaji wa tamthilia ya Dallas, waliungana na Telepictures mwaka 1986. Mwanzoni mwa 1989 wote walikuwa mikononi mwa Warner Communications. Msimu wa kwanza wa kipindi cha vichekesho cha Full House, ulioanza Septemba 1987, ulitoka chini ya jina hilo la pamoja. Ukiutazama leo kwenye marudio, mara nyingi utakuta nembo ya Warner Bros. mahali pake. Mwenye mali mpya hubandika chapa yake. Kibiashara sawa, kwa mtunza kumbukumbu ni kero.

Basi utajuaje kwamba nembo imebandikwa? Anza na sikio.

Kwenye filamu ya milimita 35, sauti iliyochapwa pembeni haikai ubavuni mwa picha yake. Filamu hupita kwanza kwenye dirisha la picha, kisha ndipo ifike kwenye kisoma sauti, kwa hiyo sauti hutangulizwa fremu, yaani picha moja moja za filamu, 20 hivi. Kwa milimita 16 ni fremu 26. Sasa mhariri akikata pale pale picha ya nembo ya zamani inapoanza, fremu 20 za sauti yake zimeshabaki upande wa majina. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, hizo ni kama sekunde 0.8. Unaona nembo mpya, unasikia kichwa cha muziki wa zamani, halafu muziki mpya unadakia ukiwa hauna mwanzo.

Kwenye utepe wa video kosa ni jingine: fundi hubadilisha picha peke yake na kuacha njia ya sauti ilivyo. Hapo muziki wa zamani unapigwa wote chini ya chapa ngeni.

Jicho nalo lina kazi. Fremu ya NTSC, mfumo wa video wa Marekani wa enzi hizo, ina nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa, karibu nusu 60 kwa sekunde. Filamu ikihamishiwa video, fremu 4 hutandazwa kwenye nusu 10, kwa zamu ya 2 na 3: fremu moja hupata nusu 2, inayofuata nusu 3. Sogeza nusu moja moja: majina yakienda kwa zamu hiyo, na nembo ikabadilika kila nusu, nembo iliundwa kwenye video. Hilo peke yake halithibitishi ubandikaji, kwani nembo nyingi halali za miaka ya 1980 ziliundwa hivyo. Liweke pamoja na ushahidi wa sauti. Soma pia mstari wa hakimiliki: umechapwa juu ya picha ya majina, kwa hiyo kwa kawaida huachwa na jina la zamani.

Mkinakili kanda za VHS, hifadhini nusu zote mbili. Programu inayoziunganisha kuwa fremu 30 huifuta ile zamu, na baada ya hapo hakuna cha kupima.