Wastani Hautoshi: Kuweka Wazi Data za Kumbukumbu ya Kazi

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi mliotoka Mafinga, Njombe na Mbeya, karibuni Iringa.

Kumbukumbu ya kazi ndiyo inayoshika namba ya simu unayotajiwa kabla hujaiandika. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alitaja uwezo wake kuwa vitu saba, viwili juu au chini. Mwaka 2001 Nelson Cowan akasema ni vinne hivi. Mabishano ya aina hii hayaamuliwi kwa wastani.

Chukueni jaribio la rangi. Mshiriki anaona vibandiko vinne, vinafutika, kisha anaulizwa rangi ya kimoja na kuionyesha kwenye duara. Kosa lake hupimwa kwa nyuzi, kuanzia -180 hadi 180. Huyu anakumbuka viwili barabara na vingine anabahatisha. Yule anavikumbuka vyote, ila kwa ukungu. Wastani wa makosa yao unaweza kulingana kabisa! Tofauti inajitokeza ukiyatazama makosa zamu kwa zamu, yaani kila mara mshiriki alipoulizwa: ya huyu yamerundikana karibu na sifuri, na mengine yametapakaa duara zima. Ukitoa wastani peke yake, umemnyima mwenzako swali lenyewe.

Kwa hiyo faili liwe na mstari mmoja kwa kila zamu: namba ya mshiriki, alichoonyeshwa, alichojibu, muda wa kujibu kwa milisekunde. Muhifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma, na mjihadhari na Excel. Katika jaribio la kukumbuka tarakimu, mfuatano 0472 ukiuandika hivyo hivyo unabaki 472, na 3-9-2 unageuka tarehe. Kila tarakimu ipewe safu yake. Asiyejibu msimwekee -99 kwenye safu ya muda, maana mtu ataijumlisha na wastani utashuka bila yeye kujua. Acheni wazi, na safu nyingine ieleze sababu.

Huku kwetu kuna jambo linalosahaulika mno, nalo ni lugha. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Alan Baddeley na wenzake walionyesha kuwa orodha ya maneno marefu hukumbukwa vibaya kuliko ya mafupi. Mtoto aliyesomewa tarakimu kwa Kihehe, Kinyakyusa au Kiswahili hajapewa mzigo uleule, basi lugha iandikwe.

Majina, tarehe za kuzaliwa na namba za usajili ziondoke. Kijiji pia: umri, jinsia na kijiji kidogo vikikutana, mtu anatambulika. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na ridhaa ya kuweka data wazi iombwe kabla ya kupima. Ukishamaliza, kuwatafuta washiriki upya ni kazi ngumu kweli.

Kabla ya kupandisha faili Zenodo au OSF, hifadhi za mtandaoni za data za utafiti, mpeni mtu ambaye hakuwepo, akokotoe matokeo yenu. Kila swali atakalowauliza ni maelezo yaliyokosekana. Yaandikeni humo, ndipo mpandishe.